Sabuni Iliyopotelea Baa ya Nyngan

Noelene Kavanagh alipanga safari za malori pale Dubbo, mji wetu wa bara huko Australia, kwa miaka ishirini na miwili, hadi kampuni ilipofunga bohari lake na kumpa keki na saa ya ukutani. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Sisi majirani tulidhani atapumzika alee kuku.

Lakini kuna jambo lilimkera siku zote. Malori ya sufi ya kondoo huenda mji wa Bourke matupu, kilomita karibu mia nne, ndipo yarudi yamejaa marobota. Na hapa mjini wapo watu wanaotengeneza asali, jamu na sabuni, wasio na njia ya kuvifikisha huko. Akaanzisha biashara ya kuwakutanisha, akaiita Nafasi Ipo. Ofisi ilikuwa meza ya jikoni.

Akaenda Sydney kutafuta wa kumtilia mtaji. Kijana mmoja kati ya wenye fedha akamuuliza, "Programu yako ya simu iko wapi, mama?"

"Ninalo daftari."

"Daftari?"

"Huko njiani mtandao hakuna, mwanangu. Daftari haliulizi mtandao."

Walicheka sana, wakampa kahawa, akarudi mikono mitupu.

Mzigo wa kwanza ulikuwa sabuni ya maziwa ya mbuzi, maboksi sita ya duka la dawa la Bourke. Aliubeba Merv Tregenza, dereva rafiki yake wa zamani. Kesho yake duka likapiga simu: sabuni hatujaiona. Noelene akainua simu. Akampigia Merv.

"Nilishusha Nyngan, pale katikati ya njia, kwenye baa," Merv akasema. "Si ndivyo ulivyoniambia?"

"Nilikwambia ule pai ya nyama Nyngan. Sabuni ni ya Bourke!"

"Basi pai niliila."

Noelene akawasha gari, saa mbili za barabara iliyonyooka, akijitungia maneno ya kuomba radhi. Mwenye baa, Coralie Stubbs, alimpokea huku akifuta glasi.

"Zile sabuni zako zimebaki boksi moja," akasema.

"Zimekwenda wapi?"

"Nimeuza. Wakata manyoya ya kondoo walinawia hapa, mikono yao ikalainika, wakawachukulia wake zao. Yule mnene pale kachukua nane."

Mnene akainua mkono. "Hata mke wangu kaniuliza nimemfanyia kosa gani," akasema.

Noelene akaketi. Tangu mwanzo kilichomshinda ni kwamba miji ile haina bohari, na dereva hawezi kumngoja mtu aje kuchukua boksi lake. Sasa alikuwa amekaa ndani ya nyumba inayofunguliwa kila siku, yenye chumba cha baridi, ambayo kila mtu wa mji huipitia.

"Coralie, ukinitunzia mizigo ya watu, utataka nini?"

"Watakaokuja kuchukua watakunywa. Mimi nitake nini tena?"

Duka la dawa lilipata sabuni yake wiki iliyofuata, pamoja na barua ya radhi na chupa ya asali. Leo baa kumi na moja zinapokea mizigo ya Nafasi Ipo, na wanawake wawili walioachishwa kazi pamoja naye bohari lilipofungwa wanafanya kazi kwenye ile meza ya jikoni. Vijana wa Sydney walipiga simu mwezi uliopita, sasa wakitaka kutia mtaji. Noelene aliwaambia wasubiri kidogo, maana Merv alikuwa mlangoni na mayai ya mteja, akiuliza ayashushe baa ipi.