Nani Alisema Kiti ni Kimoja?

Nakumbuka, mwanangu, ilikuwa saa nne kasoro robo asubuhi nilipoambiwa kwamba kazi ya kupokea simu kwenye hoteli moja pale Mikumi amepewa Seifu. Seifu na mimi hatuoni. Tulisoma darasa moja, tukajifunza kompyuta yenye sauti kwa mwalimu mmoja. Meneja alinirudisha kwa upole: “Ndugu yangu, kazi unaiweza. Ila asiyeona tumeshampata. Mmoja anatosha.”

Hasira yangu haikumgusa meneja. Ilimfuata Seifu. Nyumbani Kilosa nilimsema kwamba anajipendekeza, kwamba jicho lake la kushoto bado linaona mwanga na ndiyo maana wakamtaka. Alipopiga simu sikupokea. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ile ya wivu niliivaa na kuifunga vifungo.

Kabla mwezi haujaisha tukafiwa na shangazi. Msibani alikuwepo Bibi Kalunde, mtani wetu Mnyamwezi, mjukuu wa mkata mkonge. Wajua mtani msibani hana breki. Aliponisikia nikimchambua tena Seifu, alininyang'anya fimbo yangu nyeupe, akawaambia waombolezaji:

“Jamani, watazameni watani zangu. Wenye macho wamekalia viti vyote vya hoteli, huyu na Seifu wake wanagombania kimoja kama paka wawili na kichwa cha dagaa. Wewe, nani alikwambia chenu ni kimoja?”

Watu walicheka.

Nikampigia Seifu. Hongera niliyompa haikutoka moyoni yote. Tukaenda pamoja kwa meneja, Seifu akamweleza kwamba jioni simu hulia bila mpokeaji. Meneja akakubali kumjaribu asiyeona wa pili. Kazi ikamwendea binti asiyeona wa Kidodi, aliyenizidi Kiingereza. Naye nilimwonea wivu, na hadi leo nikisikia sauti yake simuni huaga upesi. Lakini viti ni viwili, na cha tatu tunakidai.

Mwanangu, wivu utakujia. Usijidanganye kwamba huna. Ila mwenzako akipenya mlango mwembamba, usimvute shati arudi nje. Mwambie aushikilie mlango, nawe usogee. Mungu akupe kazi ya mikono yako, na akujalie kuifurahia ya mwenzako, hata kama furaha hiyo itachelewa.