Mgonjwa wa Thelathini na Tatu

Daktari Yaw Dankyira alikuwa na kasoro moja isiyo na dawa: hakuweza kumwamkia mtu bila kumtazama viganja kwanza. Harusini, kanisani, benki, popote pale mjini Kumasi, macho yake yalishuka kwenye mikono ya watu, yakapanda kwenye taya, yakatua puani. Mkewe alimkanya mpaka akachoka. Watu walidhani ni maringo, kumbe maskini ya Mungu anatafuta kitezi.

Kitezi chenyewe si kikubwa kuliko punje ya kunde. Kimejificha chini ya ubongo, nyuma ya pua, lakini kikiota uvimbe kinaweza kumgeuza mtu hata mamaye asimtambue. Kuna anayeota mikono na miguu mikubwa akiwa na miaka arobaini. Kuna mwanamke anayetoka maziwa na hana mtoto, na mumewe keshaanza kumwangalia kwa jicho baya. Yaw alikuwa mpasuaji wa ubongo, na watu hawa ndio aliowachagua. Aliwaambia walete picha zao za zamani, akazipanga mezani mwaka baada ya mwaka, mpaka akauona mwaka ambao uso ulianza kuhama. Kisha huingia kwa njia ya pua, akautoa uvimbe, na siku ya sita mtu anarudi kwao kwa miguu yake. Hapo simnyimi sifa zake. Alikuwa na mkono mwepesi, na hakuwa na majivuno kwa mgonjwa.

Shida ilikuwa vidonge. Kitezi kilichoguswa kisu mara nyingine hulegea, kikashindwa kutoa kile kinachousaidia mwili kusimama homa inapoupiga. Kwa hiyo waliopasuliwa hupewa vidonge, wengine maisha yao yote. Na vidonge hivyo vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Yaw akapata wazo, tena wazo zuri tu: vipi kama wiki sita zinatosha? Akawasimamishia wagonjwa wake vidonge baada ya wiki sita, bila kurudia kupima damu, akawafuatilia kwa miaka miwili ili authibitishie ulimwengu. Walikuwa watu arobaini na mmoja.

Wa thelathini na tatu aliitwa Afua Konama, fundi wa kushona wa Mampong. Huyu alikuja analia kwamba vidole vyake haviingii tena kwenye matundu ya mkasi. Baada ya upasuaji viliingia. Alimletea Yaw shati alilomshonea bila kumpima, na likamkaa vizuri mwilini. Yaw alilivaa Jumapili mbili mfululizo.

Miaka miwili ilipotimia, zilibaki siku tatu tu kabla ya kutuma makala kwenye jarida kubwa la madaktari. Sista Foriwaa, muuguzi aliyemsaidia kazi ya utafiti, akakaa na orodha akawa anapiga simu, sauti imefunguliwa, Yaw anasikiliza. Huyu mzima, huyu mzima, huyu amezaa mapacha. Walipofika namba thelathini na tatu, simu ikapokelewa na mwanamume mtu mzima. Akajitambulisha: Agyapong, mjomba wake Konama na mkuu wa ukoo wao. Sista akauliza kama Konama hajambo.

"Mwambie daktari aje nyumbani," mzee akasema. "Aketi, anywe maji, tuzungumze. Hili si la simu."

Basi nikuulize wewe, ni Mwasante gani, mtu wa kabila la Yaw na Konama, asiyejua hapo pana nini? Kwao habari ya msiba haitumwi kwenye waya, wala haipewi mtu aliyesimama. Utaketi, utapewa maji, utaulizwa kilichokuleta, ndipo uambiwe. Mama yake Yaw mwenyewe alipofariki, Yaw aliendesha gari kilomita sitini ili aketishwe na kunyweshwa maji kabla ya kuambiwa jambo ambalo miguu yake ilikuwa imeshalijua. Alijua. Na Mampong si mbali, saa moja na kitu tu. Lakini angekwenda, angeambiwa, na akiambiwa ingembidi aandike.

"Simu imepokelewa," akasema bila kumtazama Sista. "Andika yu hai."

"Daktari, wamesema uende."

"Andika, Sista."

Sista Foriwaa akaandika. Mwezi uliofuata akaomba ahamishiwe wodi ya watoto, na Yaw hakumuuliza sababu, kwa kuwa sababu aliijua.

Makala ikatoka. Arobaini na mmoja waliopasuliwa, arobaini na mmoja wako hai, vidonge wiki sita tu. Ikampandisha Yaw ngazi. Aliitwa huku na huko kuhutubia, akavishwa mataji, na mwaka wa nne chuo kikampa uprofesa, ikabaki hotuba ya kuupokea. Kila alipofika kwenye ile hesabu jukwaani, ulimi wake ulikauka, akanywa maji, akaendelea. Watu walidhani ni mazoea yake. Lile shati alikuwa amekwisha kumpa mlinzi wa geti.

Wiki moja kabla ya hotuba, daktari kijana kutoka kaskazini alimfuata ofisini kumpongeza. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa furaha ya kweli kwamba hospitali yao nzima inafuata njia yake, hakuna mgonjwa wa kitezi anayepewa vidonge zaidi ya wiki sita, na hospitali nyingine tatu zimeiga. Yaw alitamani yule kijana auachie mkono wake. Akamwambia arudishe vidonge leo hii, kwa wagonjwa wote. Kijana akashangaa, akauliza kumetokea nini.

"Kuna uchunguzi mpya," Yaw akasema.

Uchunguzi mpya! Hata hapo, jamani, hata hapo alishindwa kutamka. Kijana alipotoka Yaw alijifungia chooni akaosha uso mara tatu, na hakuthubutu kuutazama kwenye kioo. Siku hiyohiyo alipiga simu hospitali zote nne, na kote akasema maneno yaleyale ya uchunguzi mpya. Asubuhi yake akanunua chupa mbili za pombe kali ya kupelekea ugenini, akashika njia ya Mampong.

Alipokewa vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza. Mzee Agyapong alikuwa barazani na wazee wawili wa ukoo. Yaw akawapa mikono akianzia kulia, akaonyeshwa kiti, akaletewa maji. Mzee akamwacha anywe mpaka amalize.

"Huku kwetu ni salama," akasema. "Wewe ndiye uliye njiani. Umekuja na lipi?"

Na Yaw, baada ya kukariri ungamo lake njia nzima, alisema amekuja kuwasalimu.

"Kutusalimu," mzee akaitikia taratibu. "Miaka minne umekuwa njiani kuja kutusalimu?"

Wale wazee wawili walitazama chini. Yaw akaweka bilauri sakafuni, akasema. Kwamba siku ile simu ilipopigwa alijua Konama amefariki. Kwamba aliogopa kuja kusikia. Kwamba aliandika yu hai kwenye karatasi inayosomwa na madaktari wa dunia nzima. Mzee akamsimulia Konama alivyokufa: homa ya malaria, ambayo watoto wa nyumba hiyo waliugua wiki hiyohiyo wakapona, kutapika, kulegea, siku mbili tu. Yaw akafumba macho. Akawaambia haikuwa malaria iliyomuua. Mwili wake haukuwa na nguvu za kupigana nayo, na vidonge ambavyo vingempa nguvu hizo ni yeye aliyeamuru aviache.

Alingoja matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili. Mzee badala yake alimtuma mtu uani akamwite Pokuaa.

Pokuaa alikuwa mdogo wake Konama, mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano. Alisimama kando ya mlango, hakuketi, wala hakuna aliyemsogezea kiti. Mzee akamwambia Yaw arudie yote tena mbele ya huyu. Yaw akarudia, na mara hii maneno yalitoka kwa shida zaidi, maana Pokuaa hakuyaondoa macho usoni pake.

Alipomaliza, Pokuaa akasema, "Supu ya mwisho aliyokunywa dada niliipika mimi."

Yaw hakuelewa. Ikambidi mzee amweleze, na mzee mwenyewe sauti ilikuwa imemshuka. Watu walisema Pokuaa amemla dada yake kwa uchawi. Mwanzoni ukoo ulikataa kusadiki. Wakasema tumngoje daktari, yeye ndiye aliyemtibu, atakuja atuambie ni nini. Maiti ikakaa kwenye jokofu wiki tano wakimngoja. Daktari hakuja, na watu wakasema basi, ungekuwa ugonjwa wa hospitali daktari angekuja. Tangu hapo hakuna aliyekula chakula cha Pokuaa. Mchumba wake alirudisha maneno, uchumba ukavunjika. Sokoni, nyanya zake zilikuwa zikioza mezani.

"Siku ya simu nilikuwa nimeketi hapo ulipo," Pokuaa akasema. "Nilifagia uwanja huu siku tatu, nikikungoja."

Yaw aliteleza kutoka kwenye kiti akapiga magoti, mtu wa miaka hamsini na sita, na suti yake. Akaanza kuomba msamaha. Pokuaa akamkatiza.

"Inuka, Daktari. Mimi najua sikumuua dada. Kawaambie wasiojua."

Barua aliyoliandikia jarida wiki hiyo, ya kuifuta makala yake, ilimgharimu uprofesa, na wenzake kadhaa mpaka leo hawamwamkii. Lakini ameniambia kwa mdomo wake kwamba barua ile ilikuwa nyepesi. Mzigo ulikuwa Mampong mchana ule. Mzee Agyapong alichukua fimbo yake akamtangulia nyumba kwa nyumba, na Pokuaa akawafuata nyuma. Kila nyumba Yaw aliketi, akanywa maji, akaambiwa huku ni salama, wewe ndiye uliye njiani. Kila nyumba akasema. Wengine waliguna, mmoja alitema mate, bibi mmoja aliangua kilio akamshika Pokuaa miguu. Pokuaa hakulia. Alisimama tu, akisikiliza neno kwa neno.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya mama yake yule mchumba. Yaw alikuwa amechoka, sauti imekwisha, tumbo limejaa maji. Akaeleza upasuaji, akaeleza vidonge, akaeleza homa. Akasema Pokuaa hana kosa, kosa ni lake, kisha akanyanyuka aage.

"Umeruka habari ya simu," Pokuaa akasema kutoka nyuma yake.

Mama mwenye nyumba akamtazama Yaw. Yaw akaketi tena, akaomba radhi, akaanza upya.