Suruali Pana za Kila Idi

Kila mwisho wa mfungo, siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama, kifurushi kilikuja na basi la Kondoa. Kilikuwa kimefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, na ndani yake mlikuwa na kitu kilekile: suruali moja mpya ya baba, imepigwa pasi, imetoka kwa kaka yake ambaye ni fundi cherehani. Hakikuja na barua. Hakikuja hata na salamu za mdomo. Mimi ndiye niliyetumwa stendi kukipokea tangu nikiwa darasa la tatu, na nilianza kukichukia mapema.

Suruali yenyewe ilikuwa pana. Nikisema pana usifikirie bugaluu, maana bugaluu ina mtindo wake, inabana pajani ndipo inaachia. Hii iliachia kuanzia kiunoni na haikujizuia mpaka chini. Upepo wa Dodoma mnaujua. Asubuhi ya Idi baba alijifungia chumbani kuvaa, tukasikia chupa ikiviringika sakafuni, nami nikadhani ni chupa ya mafuta ya kujipaka. Kisha akatoka, upepo ukamjaa miguuni, akaenda kuswali huku anapepea kama turubai la mnadani. Watoto wa jirani walicheka hapohapo. Wakubwa walisubiri apite kwanza. Mimi nilitembea nyuma yake na gauni langu jipya, nimefura, nikiapa kwamba nikikua nitakwenda Kondoa nimwambie baba mkubwa kuwa ushonaji umemshinda, akalime alizeti.

Kitu kimoja tu kilinichanganya. Kiuno kilimkaa baba sawasawa kila mwaka, aliponenepa na alipokonda, na hakuna mtu aliyewahi kupeleka vipimo.

Baba na kaka yake ni tumbo moja, wamepishana miaka miwili, na walikuwa hawazungumzi. Walikutana misibani, wakapeana mikono, wakaulizana habari za mvua, wakaachana kama watu waliopanga foleni moja benki. Ukimuuliza baba kuna nini, anakwambia hakuna kitu. Halafu sukari ikamshika. Ndani ya miaka mitatu mashavu yaliondoka, mapaja yakaondoka, miguu ikaanza kumfa ganzi. Mama alikwishatangulia, nilibaki naye mimi, na nilikuwa na shida moja tu duniani: hawa wazee wazungumze kabla mmoja hajamzika mwenzake. Nilijua itakavyokuwa. Baba mkubwa angekuja na kanzu nyeupe, angelia mbele ya watu, na watu wangesema jamani hawa ndugu walipendana. Nilikuwa nikiliwaza hilo usoni panawaka.

Wakati huohuo nilikuwa nasoma shahada ya pili ya historia. Nilitaka kuandika juu ya vijana wa miji midogo ya kwetu na mavazi yao, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Msimamizi wangu, mtu mpole wa sauti, alisoma kurasa zangu mbili akavua miwani.

"Hapa kwetu hakukuwa na utamaduni wa vijana," aliniambia. "Kulikuwa na kuiga tu. Andika ya Uingereza, vitabu vipo."

Nikasema sawa, mwalimu. Nilitaka kumaliza, basi. Najichukia kwa ile sawa.

Nikasoma ya Uingereza. Nikasoma habari za vijana wa tabaka la wafanyakazi baada ya vita kuu ya pili, waliochukua mtindo wa koti refu la mabwana wakubwa, wakalivaa wao na suruali iliyobana mguu kama bomba. Nikasoma za waliofuata, wenye vespa na suti za Kitaliano, wakatwangana ufukweni na wenzao wa pikipiki na majaketi ya ngozi. Nikasoma za wale wa vipara na mabuti, ambao mwanzoni walicheza muziki wa wahamiaji wa Jamaika, na baadaye baadhi yao wakawa wanawapiga Wahindi na Wapakistani barabarani. Nikasoma za waliochana nguo zao kusudi na kuzishika kwa pini. Nilijaza madaftari manne, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyochemka, kwa sababu sikumwona hata mmoja ambaye hakuiga. Koti la bwana, suti ya Mtaliano, ngoma ya Mjamaika. Wao wakiiga unaitwa utamaduni, unaandikiwa vitabu, natumwa mimi nikavisome. Sisi tukiiga tunaitwa kasuku.

Na hizo suruali za bomba zilinikaa kichwani kwa sababu nyingine. Kila nikifunga kitabu narudi nyumbani kwa mtu anayevaa mahema.

Ndiyo maana mwaka ule, suruali ya Idi ilipokuja, nikafanya kosa. Kitambaa kilikuwa kizuri, cha kijivu, kizito. Nikakionea huruma. Nikakipeleka kwa fundi mmoja pale soko la Majengo, nikamwambia apunguze miguu.

"Nifanye modo, ya kubana?"

"Modo ya nini, huyu ni mzee. Iwe ya heshima tu."

Mafundi wetu ukiwaambia wapunguze kidogo wanasikia punguza. Aliibana kuliko nilivyotaka, lakini ilipendeza, nikaikunja nikaiweka kitandani kwa baba. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote.

Asubuhi ya Idi sikusikia chupa ikiviringika. Nilisubiri, nikagonga mlango, nikaingia. Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba amevaa ile suruali, ameshika mkanda kwa mkono mmoja. Alikuwa ameitumbukiza chupa tupu ya soda kiunoni, ndani ya suruali, ikashuka mpaka juu ya goti ikakwama. Ilionekana imetuna pale, yeye anaitazama.

"Nani ameigusa hii?" aliuliza.

Nikamwambia ni mimi. Akakaa kitandani na chupa yake, akaanza kulia. Sijawahi kumwona baba akilia, hata kwenye msiba wa mama hakulia mbele yetu. Siku hiyo hakwenda kuswali. Badala yake aliniambia, bila kunitazama, kile alichokuwa akisema hakipo.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Yeye na wenzake walikuwa wamejipa kazi ya kulinda maadili ya taifa changa, na maadili yalipimwa kwa chupa. Walisimama njia ya sokoni Kondoa. Kijana akipita na suruali ya kubana, wanaitumbukiza chupa kiunoni. Ikitokea chini, nenda. Ikikwama, mkasi. Kaka yake wakati huo alikuwa anashona barazani kwa duka la Mhindi mmoja, ambaye ndugu yake aliyekuwa Uingereza alimtumia vitu vimefungwa kwa kurasa za magazeti ya kule. Kwenye ukurasa mmoja palikuwa na picha ya vijana watatu na suruali zao za bomba. Kaka aliitazama ile picha wiki nzima, akajishonea yake, akaivaa siku moja akapita nayo sokoni.

"Wenzangu wakanitazama," baba alisema. "Wakasema huyu ni wako, tutamwachia. Nikaona wataniona ninapendelea. Mkasi nikaushika mimi."

Aliikata kutoka pindo la chini mpaka pajani, mguu wa kulia na wa kushoto, mbele ya wauza nyanya. Kaka hakumpiga, hakumtukana. Alishikilia vipande kwa mikono, akaenda nyumbani.

"Ukamwomba radhi?"

"Idi iliyofuata akaniletea suruali pana. Nikaelewa. Nikaivaa."

"Na nyingine?"

"Kila mwaka. Naipima kwa chupa, ikishuka navaa. Adhabu yangu. Wewe nani alikutuma uipunguze?"

Nilimfokea, Mungu anisamehe, mgonjwa, siku ya Idi. Nilimwambia kuvaa kichekesho miaka hamsini na zaidi si kuomba radhi, ni kiburi. Nilimwambia neno samahani halihitaji cherehani. Nikamwachia uji mezani, nikalala na hasira, na kesho yake nikapanda basi la Kondoa na ile suruali kwenye mfuko wa rambo.

Baba mkubwa yuko barazani mpaka leo, baraza jingine, cherehani ileile ya miguu. Nilimkuta na futi ya kupimia shingoni.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba." Mkono ulikuwa umekwishaingia kwenye rambo langu. Akaigeuza suruali ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa Majengo. "Nani ameiharibu hii? Hata nyuzi hakubadilisha, ametumia nyeusi."

Hapo nikalipuka. Wateja wawili waliokuwa pale wakasogea kando. Nilimwambia nyuzi zake azipeleke anakojua, kwamba mdogo wake anaisha, kwamba amemdhalilisha mtu maisha yake yote kwa kosa la utotoni, kwamba sisi watoto tumechekwa na mtaa mzima kwa ajili ya ugomvi wa miguu miwili ya suruali. Aliniacha nimalize. Ni mtu wa kukuacha umalize, ndicho kinachokera zaidi.

"Ya kwanza nilimtumia kwa hasira," alisema. "Nilitaka airudishe. Aje hapa, anitupie usoni, anitukane, tupigane, yaishe. Akaivaa. Mwaka wa pili nikaipanua zaidi. Nikasema hii hataivumilia, atakuja. Akaivaa. Nimemwongezea upana mpaka kitambaa kikagoma. Hakuja."

"Yeye anadhani ni adhabu."

"Mimi nilidhani ananidharau."

Nilikuwa nimekuja kumkuta mtu mbaya, na sikumpata kwa yeyote kati ya wale wawili. Nilimwuliza, kwa kisirani tu, na kiuno alikuwa anakipata wapi.

"Misibani," alisema. "Namtazama. Miaka mitatu hii nimekipunguza mara tatu. Nikajua anaumwa. Hakuna aliyeniambia, hata wewe."

Kisha akaingia ndani. Alikaa sana, nikasikia sanduku la bati linavutwa. Alirudi na kitu kwenye karatasi ya kaki, akakifungua juu ya cherehani. Ilikuwa suruali nyeusi, nyembamba, ya bomba kama zile za kwenye madaftari yangu. Haikuwa imevaliwa hata siku moja.

"Sikushona moja," alisema. "Nilishona mbili, kitambaa kimoja. Yangu nilimaliza kwanza, nikapita nayo sokoni. Hii ilibaki vifungo. Ilikuwa yake ya Idi."

Akafunua mguu wa suruali kwa chini kunionyesha. Pindo lilikuwa la vidole vinne. "Alikuwa bado anakua," alisema. Kisha akaitia vifungo vyake, akaifunga tena kwenye kaki, akanipa, akarudi kwenye cherehani na kuanza kuendesha.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke kwa nani. Niliwachukia wale watoto wa chupa, na mmoja wao ni baba yangu. Nilimchukia msimamizi wangu na lile neno lake la kuiga. Mtoto wa Kondoa ametazama picha wiki nzima, akabuni kipimo kichwani bila karatasi ya vipimo, akashona mbili kwa sababu ana mdogo wake. Hilo nalo liitwe kasuku? Sura yenye habari hiyo nimekwishaiandika kwenye tasnifu. Msimamizi ameniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: chanzo? Sijaifuta, na sitaifuta, hata kama itabidi nirudie mwaka.

Nyumbani nilimpa baba ile karatasi ya kaki, nikamwambia maneno yaleyale ya baba mkubwa, nilivyoambiwa, bila kupunguza. Kwamba ilibaki vifungo. Kwamba ilikuwa yake. Baba aliishika muda mrefu. Akaomba nitoke. Niliporudi alikuwa ameivaa.

Ilimtosha. Mtu wa miaka sabini na zaidi, na suruali ya kijana wa kumi na sita ilimkaa kiunoni bila mkanda. Hilo ndilo sitalisamehe. Ilibidi sukari imle nyama yote aliyoipata duniani, imrudishe kwenye mwili alioshikia mkasi, ndipo zawadi ya kaka yake imwingie. Ilikuwa fupi tu, inaishia juu ya vifundo. Nikapiga magoti, nikafumua pindo kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Kitambaa cha ndani kilikuwa cheusi kuliko cha nje.

Alichukua simu yangu, akaniambia nitafute namba. Iliita mara tatu. Niliiweka kwa sauti, maana masikio yake nayo yamechoka.

"Imenitosha," baba alisema. Hakutoa hata salamu.

Upande wa pili cherehani ilikuwa inakwenda. Ikasimama.

"Umeshusha pindo?" baba mkubwa aliuliza.

"Ameshusha mtoto."

"Lote?"

"Lote," baba alisema. Nilibaki sakafuni na nyuzi mkononi, nasubiri mmoja wao aseme samahani. Hakuna aliyesema. Baba mkubwa alimwambia asiifue kwa maji ya moto, kisha akamwambia kesho atapanda basi la asubuhi kuja kuiona.