Bwana Mfuniko na Tangi Lake

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye barua za ofisini. Mtaani aliitwa Bwana Mfuniko, naye alijua, na kusema kweli halikumchukiza. Lilitokana na neno lake la kila siku: funika. Funika maziwa, funika choo, funika pipa la taka, funika mdomo unapokohoa. Ukikutana naye asubuhi, kabla hajaitikia salamu yako macho yake yameshavuka bega lako kuangalia kama ndoo iliyo mlangoni ina kifuniko. Wapo wanaoapa kwamba siku ya harusi yake, bibi arusi alipofunuliwa shela, yeye alimfunika tena kwa mazoea tu. Mkewe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hajawahi kuikanusha habari hiyo.

Alikuwa afisa afya wa eneo letu kwa miaka ishirini na tisa. Alianza na baiskeli na bomba la dawa ya mbu mgongoni, na sasa alikuwa na pikipiki iliyozimika kila ilipoona kilima. Mfukoni mwa shati hakukosa vitu vitatu: kalamu, kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na kioo kidogo cha mviringo. Wageni walidhani ni mtu wa kujipenda. Kumbe kioo kilikuwa cha kazi: alisimama juani, akaunasa mwanga, akaurusha ndani ya tangi la mtu na kuona kila kilichomo mpaka chini. Kwa kioo hicho alishawahi kugundua vyura, kiatu kimoja cha kike, na seti nzima ya meno ya bandia. Mwenye meno hakujitokeza, ingawa mtaa mzima ulimjua kwa jinsi alivyoacha ghafla kula nyama.

Watu walimheshimu sana na kumtii kidogo. Alipofundisha kunawa mikono, walinawa pale pale mbele yake, katikati ya vidole na chini ya kucha, wakihesabu kwa sauti mpaka ishirini kama alivyotaka. Alipogeuza pikipiki, hesabu iliishia hapo. Somo la kuchemsha maji ya kunywa ndilo lililomchosha kuliko yote. Kila mkutano alilirudia, na kila mkutano waliitikia ndiyo, ndiyo ya watu wenye haraka ya kwenda nyumbani.

Nyumbani kwake palikuwa na tangi la saruji lililopokea maji ya mvua kutoka kwenye paa. Nusu yake ilizama ardhini, na mdomo wake ulifika usawa wa goti. Bomba la mtaa lilipokauka, na lilikauka mara nyingi, Bwana Mfuniko alifungua geti lake majirani wakachota bure. Hilo lilikuwa jambo jema, nami silifanyii mzaha. Mzaha nitaufanya juu ya mabata.

Alikuwa na mabata saba. Kanuni alizozisimamia yeye mwenyewe zilikataza kabisa ndege wa kufugwa kuzurura karibu na maji, na si jirani mmoja wala wawili walioonywa naye kwa ajili ya kuku wao. Mabata yake, alisema, yana nidhamu. Moja alilipenda kupita kiasi, dume jeupe lililomfuata uani kwa shingo ndefu na hatua za mtu aliyebeba mafaili. Alilipa jina la Katibu.

Tena kulikuwa na habari ya mfuniko. Ndiyo, mfuniko. Miezi mitatu nyuma, wakati wa kuuviringisha ili watu wachote, ukingo wa ule mfuniko wa zege ulimeguka, ukaacha tundu la kupitisha ngumi. Mkewe alimwonyesha. Akasema atauziba Jumamosi, na kwa sasa akatupia gunia juu yake. Mwalimu hakubishana. Alichukua kalamu nyekundu, na kila Jumamosi iliyopita akaandika kwenye kalenda ya jikoni, chini ya tarehe, neno moja: bado. Yalikuwa yamefika kumi na mawili.

Ndipo mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, na wiki hiyo hiyo watu wakaanza kuhara. Walifika kumi na mmoja, katika nyumba saba. Wa mwisho alikuwa binti wa fundi cherehani anayepakana na Bwana Mfuniko, mtoto wa miaka sita aliyeitwa Kasuku kwa sababu hata usingizini aliongea. Asubuhi moja Kasuku aliamka hana la kusema. Mama yake, huyo fundi, hakusubiri kupima joto, alimbeba mgongoni mbio mpaka kituo cha afya, na huko akatundikiwa dripu.

Bwana Mfuniko alifunga mkanda. Kwa siku mbili alichungulia masufuria ya watu, akanusa mapipa, akamwamuru mama muuza chakula wa kwenye kona afunge kibanda mpaka uchunguzi uishe. Kila mlango aliuliza wanakunywa maji gani, wakajibu ni safi. Aliuliza kama wanayachemsha, wakasema ya bomba wanayachemsha. Yote akayaandika kwenye daftari, na kadiri alivyoandika ndivyo alivyozidi kutoelewa.

Alipofika kituoni kumwona Kasuku, alikuta benchi limejaa wagonjwa na wasindikizaji. Alimuuliza fundi mtoto alikula nini. Fundi akasema kipande cha papai, alimkatia mwenyewe alipoinuka kwenye cherehani. Alinawa kabla ya kukata? Fundi akakumbuka, akainamisha kichwa. Hakunawa.

"Basi ni mikono yako, mama," Bwana Mfuniko akasema, na kwa faida ya benchi zima akapandisha sauti. "Mikono yako ndiyo iliyomleta mtoto hapa."

Watu wa benchini walitazama mikono yao wenyewe. Bwana Mfuniko akaondoka akiwa ameridhika, kwa kuwa hatimaye alikuwa amepata kitu cha kuandika.

Kesho yake alirudi kumalizia maelezo. Kasuku alikuwa ameamka, bado mnyonge, lakini mdomo ulikuwa umeanza kazi. Muuguzi alimpa kikombe cha maji, akanywa funda moja, akakunja uso. Yana moshi, akasema. Muuguzi akamweleza kwamba yamechemshwa, ni mazuri.

"Mimi nataka ya kwa Bwana Mfuniko," Kasuku akasema. "Yale hayana moshi."

Mama yake alimbana mguu chini ya shuka, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bwana Mfuniko akauliza polepole kama maji ya tangi lake huwa hayachemshwi. Fundi akatazama sakafu.

"Ya bomba tunachemsha, baba. Ya kwako nani atachemsha? Maji ya Bwana Afya mwenyewe. Ingekuwa kama kukutukana."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtaa mzima uliamini kwamba maji yale yameshachemshwa na cheo. Na kwa adabu hiyo hiyo, alipopita mlango kwa mlango akiuliza, hakuna aliyethubutu kulitaja tangi lake. Alisimama pembeni ya kitanda, akafungua daftari, akayapitia majina kumi na moja. Wote aliwafahamu kwa ndoo zao. Kila asubuhi waliingia getini kwake, na yeye aliwasalimu mmoja mmoja akiwa na mswaki mdomoni.

Alirudi nyumbani, akaiacha pikipiki ikiwaka. Gunia lilikuwa limeteleza pembeni, na juu ya mfuniko, miguu miwili kandokando ya lile tundu, alisimama Katibu. Alikuwa ameacha kumbukumbu zake hapo hapo, mbichi na kavu. Bwana Mfuniko akatoa kioo. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukielekeza kwenye tangi hili. Alirusha mwanga ndani, akaona manyoya mawili meupe yakielea, na vitu vingine ambavyo nyumbani kwa mtu mwingine angeviandika kwa herufi kubwa.

Nitasema kilichompitia moyoni, maana mwenyewe alikuja kukisema. Ghalani kulikuwa na nusu mfuko wa saruji, na kabatini chupa ya klorini. Tundu lingezibwa, maji yangetibiwa, mabata yangefungiwa, na kabla jua halijazama asingekuwepo wa kuuliza. Mwaka mmoja tu ulibaki astaafu, na ofisini walishaanza kunong'ona juu ya cheti cha heshima. Lawama ingebebwa na mvua, na mvua haina familia ya kuonea haya. Aliiendea chupa, akatoka nayo uani.

Mkewe alikuwa akianika nguo. Alitazama chupa, akatazama gunia, akamtazama Katibu. Bwana Mfuniko akaeleza haraka haraka kwamba ni kitu kidogo, atakimaliza sasa hivi, hakuna haja ya maneno mengi. Mwalimu akabana kibanio cha mwisho kwenye shati lake jeupe la kazi.

"Sawa, baba," akasema. "Na mama Kasuku? Aendelee kujua kwamba ni mikono yake?"

Bwana Mfuniko alikaa chini kwenye ukingo wa tangi. Alikaa muda mrefu, mpaka Katibu akachoka kusubiri na kwenda zake. Kisha akainuka, akanawa mikono kwa sabuni ingawa hakuwa ameshika uchafu, akaleta kitabu cha notisi za rangi ya waridi ambazo nusu ya mtaa walishapata. Kwenye nafasi ya mwenye nyumba akaandika jina lake kamili. Kwenye kosa akaandika: tangi lisilofunikwa, na ndege wa kufugwa wanaozurura juu yake. Muda wa kurekebisha, siku saba. Notisi haiwezi kupokelewa na aliyeitoa, kwa hiyo aliyetia sahihi ya kupokea ni mkewe, baada ya kumkumbusha kwamba hajaweka tarehe.

Alichukua sampuli ya maji kwenye chupa, akaenda kituoni. Benchi lilikuwa limejaa vile vile, na baadhi ya nyuso zilikuwa zile zile za jana. Angeweza kumwita fundi pembeni. Hakumwita. Alijikaza kisabuni, akasimama pale pale aliposimama jana.

"Mama, jana nilisema mbele ya watu hawa kwamba ni mikono yako. Si kweli. Maji ya tangi langu ni machafu, na wote walioumwa wameyanywa. Nimekukosea."

Fundi alitazama mikono yake, vidole vyenye alama za sindano, kama mtu anayerudishiwa kitu alichonyang'anywa. Machozi yalimtoka.

"Tangu jana," akasema, "nilikuwa naogopa hata kumshika."

Bwana Mfuniko aliwahi kukaripiwa na wakubwa, na kufukuzwa na mbwa wa watu, na kutukanwa na wenye hoteli. Hakuna kilichomuuma kama maneno hayo. Alisimama pale na kitambaa chake kilichopigwa pasi, asijue afute nini nacho.

Jioni notisi ilibandikwa getini, ikasomwa na kila aliyepita, na wengine walipita mara mbili. Mama muuza chakula alifungua kibanda baada ya kuombwa radhi, akairuhusu radhi hiyo irudiwe ili na dada yake ashuhudie. Tangi lilimwagwa, likasuguliwa, likapata mfuniko mpya. Mabata yalijengewa banda, na Katibu aligoma kula siku nzima. Kwenye kalenda, chini ya Jumamosi hiyo, palionekana alama ya vema, nyekundu na kubwa. Majibu ya maabara yalipokuja yalisema tu kile ambacho mtaa ulishakijua. Kufikia hapo Kasuku alikuwa amerudi nyumbani, na majirani walikuwa wameanza kukumbuka faida za ukimya.

Asubuhi moja Bwana Mfuniko alitoka uani na mswaki mdomoni, akasimama. Kutoka kila nyumba moshi ulikuwa ukipanda, na madirishani aliona masufuria yakichemka, yote yamefunikwa. Kwa fundi, kwa kinyozi, kwa majirani wawili waliokuwa wabishi kuliko wote. Maji ya bomba, maji ya mvua, hata maji yaliyotoka kwake na klorini juu. Hakuna aliyekuwa akimwamini mtu tena. Alimwita mkewe aje aone. Miaka ishirini na tisa, akamwambia. Ameimba, amebembeleza, amebandika matangazo mpaka kwenye miti, na hakuna asubuhi hata moja nyumba zote zilipowasha moto.

Mwalimu aliutazama ule moshi, kisha akamtazama mumewe, akamfuta povu la dawa ya meno kidevuni.

"Ungekosea mapema, baba," akasema.