Katoni Yenye Jina la Mzee Naftali

Saa nne asubuhi, joto la Dubai limeshapita nyuzi arobaini, na Hudson Cavendish amevaa sweta mbili. Anafungua mlango mzito wa chumba chenye baridi cha kuivishia ndizi, anarudi nyuma hatua chache na kusubiri gesi ya kuivishia itoke. Ndani, katoni zimepangwa hadi karibu na dari, na kila katoni ina tundu pembeni zinamochungulia ndizi zinazoanza kugeuka rangi.

"Yalla, Cavendish, wacha chumba kipumue kwanza," anaambiwa na msimamizi wake, Junaid, Mpakistani aliyezeeka katika biashara ya matunda.

Hudson anacheka. Hapa katika soko la matunda na mboga la Al Aweer, kila mtu hucheka akilitaja jina hilo. Sababu iko wazi kwa yeyote mwenye macho. Ubavuni mwa kila katoni, kwa herufi za kijani, imeandikwa aina ya ndizi iliyomo: Cavendish.

"Siku ya kwanza nilidhani jamaa wamenifanyia mzaha," anasema Hudson, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Bungoma, magharibi mwa Kenya. "Nimetoka kwetu na jina langu, nakuja Arabuni nalikuta kwa ndizi. Nilimpigia mke wangu picha ya hiyo katoni. Metrine alicheka mpaka simu ikakatika."

Mtu mmoja tu hakutumiwa picha hiyo. Ni baba yake, mzee Naftali Cavendish.

Kwa mzee Naftali, jina hilo halikuwa kichekesho hata siku moja. Mama yake, Nanjala, aliwahi kwenda kupalilia kahawa kwa msimu mmoja katika shamba la mzungu, huko upande wa Kitale. Alirudi kwa mumewe, na mwaka uliofuata akamzaa Naftali. Nanjala akafariki Naftali akiwa bado hajaanza shule, na mumewe, mtu wa maneno machache, hakukawia kumfuata.

Kisha akaja mwalimu mgeni. Akaita majina darasani, akafika kwa Naftali, akasimama. Hili, alisema, ni jina la ukoo wa mabwana wakubwa wa Uingereza. Mama yako alilitoa wapi?

Swali hilo lilitoka darasani likazunguka kijiji kizima, likageuka uvumi kwamba baba yake ni yule mzungu. Mzee Naftali ni mweusi tii, lakini uvumi haukagui rangi ya mtu. Alipofikia umri wa kutahiriwa, jambo ambalo kwa Wabukusu hufanyika hadharani na kwa nyimbo za kumpima kijana moyo, waimbaji walimwimbia mama yake na mzungu wa kahawa. Alisimama, hakupepesa jicho. Ila tangu siku hiyo, katika vikao vya ukoo, hukaa karibu na mlango na hasemi neno.

Mwaka huu ni zamu ya mjukuu wake, Ronny, mtoto wa kwanza wa Hudson. Sherehe ni Agosti. Kwa desturi, mzee wa boma ndiye husimama mbele ya watu na kumtamkia kijana maneno ya baraka. Mwezi Januari mzee Naftali alimwambia mwanawe kwa simu kwamba yeye hatasimama, na kazi hiyo ifanywe na binamu yake.

"Aliniambia, 'Sitaki mtoto aimbiwe yale niliyoimbiwa mimi. Wakiniona nimesimama, watakumbuka,'" Hudson anaeleza, na sauti inamshuka. "Iliniuma sana. Mtoto wangu atatahiriwa, na babu yake yupo hai, ana nguvu zake, lakini amejificha nyumbani."

Katoni za sokoni hazikuwa zimemsaidia. Junaid alikuwa amemweleza kwamba ndizi hizo ziliitwa hivyo kwa sababu ya bwana mkubwa mmoja Mwingereza, aliyeikuza migomba ya aina hiyo kwake ndani ya nyumba ya vioo, na kutoka hapo ikasambaa duniani. Kwa hiyo mabwana wa jina hilo walikuwepo kweli. Hudson alirudi kitandani kwake akiwa na hofu zaidi ya aliyokuwa nayo mwanzo.

Kilichomtoa katika hofu hiyo ni jino. Mwezi Machi alikwenda kliniki moja ya mtaa wa Oud Metha, shavu limevimba, akakaa akingoja zamu. Mhudumu akaita, "Cavendish." Hudson akasimama. Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyekuwa mbele yake, naye akasimama.

"Tukatazamana," anasema Hudson. "Yeye mweusi, mimi mweusi. Mhudumu akashika kichwa."

Mwanamke huyo ni Irene Cavendish, mwalimu kutoka Jamaika anayefundisha Dubai. Walipomaliza kwa daktari waliketi nje, na Irene akamwonyesha kwenye simu mahali penye jina lao. Kuna kijiji Uingereza. Kuna uwanja wa bustani katikati ya London, kuna mji mdogo Australia, na kuna ufuo Kanada ambako watalii huenda kuogelea. Irene amekuwa akiyakusanya kwa miaka, jinsi wengine wanavyokusanya stempu.

"Nilimuuliza kama sisi ni ndugu," Hudson anakumbuka. "Akaniambia, 'Sisi kwetu tunajua lilivyoingia. Mababu zetu walikuwa watumwa, wakapewa jina la mwenye shamba. Hatukulichagua, lakini tunajua. Ninyi je?' Nikamweleza habari ya nyanya yangu na uvumi wote. Alisikiliza, kisha akaniuliza, 'Kati ya watu waliokuwepo siku baba yako anazaliwa, umemuuliza nani?'"

Hakuwa amemuuliza yeyote. Baba yake naye hakuwa ameuliza. Jambo la aibu huzungukwa tu, watu wakapita kando yake miaka sabini.

Waliokuwepo siku hiyo, alijua, amebaki mmoja. Ni Nafula, mdogo wake Nanjala, ambaye aliolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Mbale, Uganda, muda mfupi baada ya Naftali kuzaliwa. Ijumaa iliyofuata, siku yake ya mapumziko, Hudson alimpata bibi huyo kwa simu ya mjukuu wake. Alizunguka weee kabla ya kuthubutu kuuliza. Bibi hakuzunguka.

"Aliniambia, 'We mtoto, mimi naitwa Nafula kwa nini? Si nilizaliwa wakati wa mvua? Na dada yangu akaitwa Nanjala kwa nini? Si ilikuwa njaa? Sasa baba yako alizaliwa wakati wa nini?' Nikasema sijui, Kukhu, yaani bibi. Akasema, 'Alizaliwa wakati wa ndizi.'"

Nanjala, alieleza bibi, alirudi kutoka Kitale na gunia lenye machipukizi ya mgomba mfupi ambao pale kijijini hakuna aliyewahi kuuona. Bwana shamba wa serikali alipopita aliwatajia jina lake, Kavendishi. Majirani walikuja kuutazama. Ulipozaa, mkungu wa kwanza ulikatwa wiki ambayo Nanjala alijifungua, na Nafula ndiye aliyempikia dada yake ndizi hizo na kumpelekea kitandani. Mtoto akapewa jina la kilichokuwepo, kama watoto wote wa kwao.

"Nikamuuliza, 'Kukhu, mbona hukusema miaka yote hii?' Akashangaa. 'Niseme nini? Kwani kuna mtu hajui?'"

Nafula alikuwa mbali nyimbo zilipoimbwa. Hakuna aliyewahi kumpelekea habari hiyo, maana nani angekuwa na uso wa kumwambia mtu maneno kama hayo juu ya dada yake?

Jioni ileile Hudson alimpigia baba yake. Alimweleza yote, mwanzo hadi mwisho, kuanzia katoni ambayo hakumwonyesha.

"Halafu akauliza, 'Ni ule mfupi? Ulio nyuma ya jiko?' Nikamwambia ndio huo, Baba. Akasema, 'Nilikuwa nataka kuung'oa.' Akakata simu."

Hudson anashusha katoni begani anaposimulia sehemu hii, kana kwamba kusimulia na kubeba haviendi pamoja. Usiku huo hakula. Asubuhi yake Metrine alipiga simu kutoka Bungoma. Mzee ameamka na jembe, alisema, amekwenda nyuma ya jiko, na mimi naogopa kumfuata. Hudson akamwomba amfuate. Metrine alimkuta mzee ameshapalilia shina lote, ameutegemeza kwa gongo la mti mgomba uliokuwa umelemewa na mkungu, na amekaa chini kando yake. Alikuwa analia. Ronny alikuwa amesimama hapo, na mzee akamwambia mtoto, "Hapa ndipo mama yangu alipopanda."

Kazi ya Hudson inampa dirhamu elfu moja na mia nane kwa mwezi, na nauli ya kwenda nyumbani humeza sehemu kubwa ya akiba. Mwaka huu hahesabu. Junaid ameshamkubalia likizo ya Agosti, "inshallah, ukirudi na picha," na Irene amemwomba aulize kama mgomba ule unaweza kupigwa picha pamoja na mzee, auongeze kwenye mkusanyo wake.

Kuhusu baraka, mzee Naftali alitoa jibu lake wiki mbili zilizopita. Binamu ameambiwa apumzike. "Alisema, 'Nitasimama mimi. Waimbe wakitaka, mwaka huu nitawajibu.' Sijawahi kumsikia baba akiongea hivyo."

Hudson anageuza katoni iliyokwisha kutolewa ndizi, anaipangusa vumbi, anaikunja taratibu asiharibu upande wenye maandishi. Ataiweka chini kabisa ya sanduku lake la safari.

"Mimi sikuwa na wazo hilo, mzee ndiye ameagiza," anasema. "Aliniuliza, 'Hilo jina kwenye katoni, limeandikwa kwa herufi kubwa?' Nikamwambia kubwa, Baba. Akasema, 'Basi ilete. Wenzangu wengi siku hizi hawaoni vizuri.'"