Mama Aliyeripoti Wizi Kabla Haujatokea

Jumatano nilipanga foleni ofisi ya umeme mjini Embu, nyuma ya mama mkulima kutoka Kiritiri.

“Nimekuja kuripoti transfoma ya pampu yetu ya maji. Itaibiwa Jumapili,” akamwambia karani.

“Umejuaje, mama?”

“Wanaume wawili walikuja wakasema ni mafundi. Hawakuuliza kama stima hupotea. Waliuliza ibada huisha saa ngapi.”

Foleni nzima ikacheka. Karani hakucheka, alimwita mhandisi, naye akawapigia polisi simu.

Jumapili mama, ambaye tulibadilishana namba pale foleni, alinipigia simu, kicheko kikimkata pumzi. “Wameshikwa wakiwa juu ya nguzo. Waliogopa kushuka kwa polisi na waumini wote waliokuwa chini, tukawaimbia pambio mpaka wakashuka.”

Wataalamu hutabiri hatari za gridi ya umeme kwa kompyuta. Wakihitaji mwenzao mmoja, yuko Kiritiri, na ana nafasi kila siku isipokuwa ya soko.