Msukosuko wa Kiasi

Kazi yangu ni kuyatibua maji makusudi. Nikisema hivyo harusini au matangani watu hucheka, kisha huniuliza kazi yenyewe hasa ni ipi, nami huanza kukasirika kwa sababu najua hawatasubiri jibu liishe. Basi wewe subiri. Chini ya jengo moja la chuo hapa Birmingham, mji usio na bahari hata ya kuazima, tuna tangi refu la maji ya chumvi. Chumvi yenyewe huja kwa magunia. Ndani ya tangi kuna wavu wa chuma unaopanda na kushuka, na mota yake ndiyo upepo wetu: huyatikisa maji jinsi upepo unavyoyatikisa maji ya pwani, pale ambapo kina si kirefu. Mimi hupima msukosuko huo unavifanya nini viumbe vidogo viitwavyo planktoni, ambavyo vingi huvioni ila kwa hadubini, na ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha samaki wote wa baharini.

Kuna jamii moja ninayoipenda kuliko nyingine, vimea vya chembe moja vyenye ganda kama la kioo. Havina mkia, havina pezi, na ni vizito kuliko maji. Maji yakitulia, huzama polepole hadi gizani, na mmea gizani hauna maisha. Upepo ukivuma, maji huvirudisha juu kwenye mwanga, pamoja na mbolea iliyolala chini. Lakini upepo ukizidi, tope la pwani nalo hupanda na kuuziba mwanga uleule. Watu wakiniuliza kama upepo ni mzuri au mbaya, huwaambia swali lao halina maana mpaka waseme upepo kiasi gani.

Baba yetu anaishi mtaa wa Newtown, kwenye fleti ya juu yenye lifti inayogoma ikitaka. Kabla hajapatwa na kiharusi, yeye ndiye Waswahili wa mji huu, wa Kenya, wa Tanzania na wa Kongo, waliyemtegemea kwa wagonjwa na misiba. Alikuwa wa kwanza kufika hospitali na wa mwisho kuondoka makaburini. Kwa hiyo alipotoka hospitali, mdomo umelegea upande mmoja na maneno yakitoka kwa kudondoka, watu walikuja kumlipa fadhila wote siku moja. Sebule ilijaa mpaka jikoni. Wengine walimwombea kwa sauti, wengine walibishana mpira juu ya kichwa chake, na bwana mmoja akakaa kumsimulia habari za mjomba wake aliyekufa kwa kiharusi hichohicho. Kabla jua halijazama baba alitapika, shinikizo la damu likapanda, tukarudi naye hospitali.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi kwenye hospitali iliyo karibu na Harborne. Siku ile alikasirika kunishinda, jambo ambalo si jepesi. Baba aliporuhusiwa tena, dada alihamia kwake, akaichukua simu yake akaizima, na kila aliyegonga mlango aliambiwa kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa amelala. Masufuria ya chakula yalipokewa kwa shukrani, kisha yakaingia kwenye friji, kwa sababu baba alikatazwa chumvi. Mimi nilikwenda kila jioni nikitoka kazini, na nikiri kwamba sombe ya Wakongo, kile kisamvu chao, niliila mimi.

Mwanzoni utulivu ulimfaa. Alilala vizuri, rangi ikamrudia, akaanza kutaja vitu: kikombe, dirisha, mvua. Halafu maneno yakaanza kupungua tena. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia kwa kidevu. Alikaa kwenye kiti chake, amekogeshwa, amenyolewa, akiutazama mlango. Dada aliita hali ile amani. Mimi niliogopa. Niliona tunampoteza huku tukimpigia pasi mashati.

Jumatatu moja nilifika kazini nikakuta mota ya wavu imezimika tangu mwisho wa juma. Maji yalikuwa maangavu ajabu. Mwanafunzi mmoja mgeni alisema yamependeza, nami nikamwinamisha kidogo aone chini. Kote sakafuni mwa tangi palitanda utando wa kahawia, kama machicha ya chai. Tuliwasha upya, taratibu. Sehemu ya vimea ilipanda. Sehemu nyingine haikupanda tena, na siku nzima sikuweza kuzungumza na mtu kwa adabu.

Jioni ile nilimkuta dada jikoni.

"Dada, fungua mlango. Si wote. Mmoja mmoja."

"Umesahau vile walimfanyia? You were there."

"Nilikuwepo. Lakini muangalie sasa, anazama."

"Mgonjwa haulizwi uji. Na nurse hapa ni mimi."

Nikamweleza habari yote ya tangi, mikono ikiruka huku na huku. Alinisikiliza akisugua sufuria ya watu mpaka ikang'aa.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Baba si plankton."

Nilicheka kwa hasira. Kusema kweli sikuwa na uhakika. Kwenye tangi huongeza mwendo wa wavu kidogo kidogo, na nikikosea humwaga maji nikafungua gunia jingine. Baba nilikuwa naye mmoja. Basi nikavaa koti nikaenda zangu, na kesho yake, na keshokutwa, nikafanya vilevile.

Jumapili dada alikuwa amejilaza baada ya zamu ndipo kengele ilipolia. Nilifungua mimi. Alikuwa mama mmoja wa Kikongo, rafiki wa baba wa siku nyingi, peke yake, na sufuria imefungwa kwa kitambaa. Nilikuwa tayari nimeshafungua kinywa niseme amelala, mara baba akakohoa nyuma yangu. Yule mama alinitazama tu, akapita chini ya mkono wangu.

Hakupiga kelele, hakuomba. Alivuta kiti, akamshika baba mkono wenye nguvu. "Jambo, papa. Courage."

Baba alimkazia macho muda mrefu. Mdomo ukahangaika, na nikaona shingo inavyofanya kazi. "Nimewa... kosea... nini?"

"Papa?"

"Mmeni... susa."

Kwetu, mtu akiwakosea watu sana, hawamtukani wala hawampigi. Wanaacha kuja. Anaachiwa sherehe zake na maiti zake peke yake. Majuma yote yale, mtu aliyezika nusu ya wazee wa mji huu alikuwa amekaa kwenye kile kiti akitafuta kosa lake.

"Tukususe weye?" yule mama akasema. "Papa, tulikuyaka hapa mara mingi. Kila mara balisema unalala."

Dada alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mtandio begani, amesikia yote. "Baba, it was for your..." akaanza, kisha Kiingereza kikamkwama na Kiswahili hakikuja.

Baba aligeuza kichwa. Akamtazama yeye, halafu akanitazama mimi.

"Kumbe," akasema, na neno hilo halikumsumbua hata kidogo. Akapumua, akatafuta lililofuata. Tulingoja, na moyoni nikajua ni nani atakayeambiwa, maana aliyeufunga mlango alikuwa mmoja, na mimi nilikuwa nimembishia. Angeweza kusema "wewe".

"Kumbe ni ninyi," akasema.